Teresia Alipokaa Gizani



Nikiwa mwaka wa mwisho wa falsafa niliweza kueleza njia tano za Mtakatifu Tomaso wa Akwino bila kufungua daftari. Alama zangu zilikuwa nzuri tu. Lakini jioni nikiingia kanisani, hakuna kitu. Nakaa, naangalia taa ya tabernakulo, najiuliza kama kuna anayenisikia. Sikumwambia mtu. Frateri ambaye imani inamponyoka, atamweleza nani? Mlezi wangu wa kiroho aliona nimenyong'onyea, akanipa kitabu cha Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Nilikipokea kwa adabu tu, maana Teresia niliyemjua ni yule wa kwenye picha, mwenye mawaridi mkononi.

Kumbe sikumjua kabisa.

Alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake alifariki kwa saratani Teresia akiwa na miaka minne na nusu, na baba akawahamishia watoto Lisieux. Aliingia monasteri ya Wakarmeli mwaka 1888 akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata baba yake, ambaye alimpenda kupita maelezo, alichanganyikiwa akili, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen na kukaa huko zaidi ya miaka mitatu. Hebu fikiria maneno ya watu mjini.

Lakini giza lenyewe lilikuja baadaye. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alikohoa damu. Ilikuwa kifua kikuu. Hakuogopa, alifurahi kwamba safari ya mbinguni imekaribia. Siku chache tu baadaye, Pasaka hiyohiyo, mbingu yenyewe ikafungwa. Alipowaza uzima wa milele, ndani yake alisikia kama sauti ya kumcheka, kwamba baada ya kifo hakuna mwanga wowote, ni usiku mzito zaidi. Zamani alidhani wasioamini wanajisemea tu, kwamba ndani ya moyo wanajua Mungu yupo. Sasa alielewa kwamba wapo kweli, na alikubali kukaa nao meza moja, ale mkate wao mchungu kwa ajili yao, mpaka Mungu atakapomwondoa.

Hapo mimi nilisimama kusoma. Darasani wasioamini tunawajibu kwa hoja, halafu tunakwenda kula. Huyu dada aliketi nao.

Na jamani, mambo hayakuishia hapo. Wakati huo Wakatoliki wengi wa Ufaransa walisoma habari za Diana Vaughan, mwanamke aliyesemekana kutoka kwa waabudu shetani na kuongoka. Teresia naye aliguswa, na picha yake akiigiza Yoana wa Arc ilitumwa kwa mwanamke huyo. Tarehe 19 Aprili 1897, mjini Paris, bwana Léo Taxil alitangaza mbele ya watu kwamba yote yalikuwa uongo wake. Diana hakuwahi kuongoka. Na picha iliyoonyeshwa ukumbini ilikuwa ile ya Teresia. Yaani unapigania imani yako usiku na mchana, unakufa, halafu unafanywa kichekesho.

Alifanya nini? Aliandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akaibeba moyoni. Aliendelea kuwalea wanovisi na kuwachekesha masista, wengi hawakujua kitu. Maumivu yalipozidi alitahadharisha kwamba wagonjwa wa namna yake wasiachiwe dawa zenye sumu karibu. Naona vema kusema hili wazi, kwa sababu kuna kijana anayesoma hapa anadhani mtakatifu hawezi kufikiwa na mawazo ya namna hiyo. Teresia yalimfikia, na aliyasema kwa waliomhudumia.

Alikuwa pia na kaka wa kiroho, mseminari aliyeitwa Maurice Bellière, kijana mwenye hofu na mashaka mengi juu yake mwenyewe. Teresia alimwandikia barua mpaka miezi ya mwisho, akimtia moyo amwendee Yesu bila woga, wakati yeye mwenyewe haoni kitu! Alifariki tarehe 30 Septemba 1897, ana miaka 24. Maurice alijiunga na Wamisionari wa Afrika, haohao waliotuletea Injili huku Tabora na Karema, akatumwa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Alirudi kwao mgonjwa, akafa mwaka 1907 katika hospitali ileile ya Caen alikokaa baba yake Teresia.

Nilimaliza kitabu usiku, taa za bweni zimeshazimwa. Kesho yake nilikwenda kwa mlezi wangu, nikamweleza yote. Hakushangaa. Alinisikiliza mpaka kengele ya chakula ikalia, hakuinuka. Sala yangu bado ni kavu siku nyingi. Jioni nakaa palepale, benchi la nyuma upande wa kushoto, nasali Nasadiki polepole, na siku hizi nawaombea wale ambao hawawezi kuisali.