Kemeny: Msomi aliyewakabidhi wanafunzi tarakilishi ya chuo

SAA kumi alfajiri mnamo Mei 1, 1964, mji mdogo wa Hanover katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ulikuwa ungali usingizini. Lakini katika orofa ya chini ya ardhi ya jengo la College Hall, Chuo cha Dartmouth, profesa mmoja wa hisabati na vijana wake walikuwa macho.

Profesa huyo, John Kemeny, aliketi mbele ya taipu moja, naye mwanafunzi wake akaketi mbele ya nyingine. Kwa wakati mmoja, kila mmoja aliamuru tarakilishi ile ile imfanyie hesabu yake. Wote wawili walipata majibu sahihi.

Ajabu ya alfajiri hiyo haikuwa mashine. Ilikuwa imenunuliwa kutoka kampuni ya General Electric kama inunuliwavyo bidhaa nyingine yoyote. Ajabu ilikuwa kwamba programu iliyoiwezesha kuwahudumia watu zaidi ya mmoja iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana ambao baadhi yao walikuwa hawajatimiza hata miaka 20.

Uamuzi wa kuwaamini vijana hao ulikuwa wa Kemeny na mwenzake, Thomas Kurtz. Huenda ndio uliokuwa mkubwa zaidi katika maisha yake, ingawa alitenda mengi.

Mkimbizi kutoka Budapest

Kemeny alizaliwa Mei 31, 1926 jijini Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi. Babake alitangulia Marekani baada ya kutambua hatari ya Wanazi, na mnamo 1940 familia yake ikamfuata New York. Babu yake Kemeny alikataa kuhama. Aliangamia pamoja na jamaa wengine katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi.

Kijana huyo aliingia shule ya upili akiwa hajui Kiingereza vyema, lakini mnamo 1943 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Princeton kusomea hisabati na falsafa.

Kabla ya kuhitimu, aliitwa jeshini na kupelekwa Los Alamos, kulikokuwa kukiundwa bomu la atomiki. Huko alifanya kazi katika kitengo cha hesabu chini ya mwanafizikia Richard Feynman. Walitumia mashine za kadi zilizotobolewa, na hesabu moja iliweza kuchukua majuma kadhaa huku watu wakipokezana zamu usiku na mchana.

Tajriba hiyo haikumtoka akilini. Baada ya vita alirejea Princeton, na alipokuwa akiandika tasnifu yake ya uzamifu alikuwa pia msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati. Alipata shahada hiyo mnamo 1949, akiwa na umri wa miaka 23.

Mnamo 1953 Chuo cha Dartmouth kilimwajiri kuwa profesa, na miaka miwili baadaye akawa mwenyekiti wa idara ya hisabati. Idara hiyo ilikuwa imezeeka, wahadhiri wengi wakikaribia kustaafu. Kemeny alianza kuijenga upya kwa kuajiri damu changa. Miongoni mwa aliowaajiri mnamo 1956 alikuwa Kurtz, mtaalamu wa takwimu.

Garimoshi na kadi

Wakati huo Dartmouth haikuwa na tarakilishi. Kila baada ya majuma mawili hivi, Kurtz alipanda garimoshi alfajiri akiwa amebeba sanduku la kadi zilizotobolewa, akasafiri zaidi ya kilomita 200 hadi chuo cha MIT karibu na Boston, na kurudi jioni. Kosa moja katika kadi lilimaanisha kusubiri safari nyingine.

Mnamo 1959 chuo kilinunua tarakilishi ndogo ya aina ya LGP-30. Katika vyuo vingi vya zama hizo, mashine ya namna hiyo ingefungiwa chumbani na kulindwa na mafundi wachache. Kemeny na Kurtz walitenda kinyume. Waliwaachia wanafunzi waichezee.

Matokeo yaliwashangaza. Vijana hao, bila kufunzwa sana, waliandika programu za kutafsiri lugha za tarakilishi, kazi iliyodhaniwa kuhitaji wahandisi wenye uzoefu wa miaka mingi. Kemeny alijifunza jambo ambalo wakuu wengi wa idara hawajalikubali hadi leo: kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba wafanyakazi ambao taasisi inawatafuta mbali huenda wameketi darasani mwake.

Shaka za wafadhili

Wawili hao walipopanga mfumo wa kuwawezesha watu wengi kugawana muda wa tarakilishi moja, waliomba fedha kutoka Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi wa Marekani. Baadhi ya waliokagua ombi hilo walitilia shaka kazi nzito kiasi hicho kuachiwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hata hivyo, fedha zilitolewa.

Shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mwanafunzi ana masomo na mitihani, na baada ya miaka minne huondoka na ujuzi wake wote. Iwapo mfumo ungekwama, aibu ingewaangukia maprofesa waliowaamini.

Kemeny hakuwaachia kazi na kwenda zake. Mwaka 1963 yeye mwenyewe alianza kuandika programu ya kutafsiri lugha mpya, BASIC, iliyotumia maneno machache mepesi ya Kiingereza. Aliketi na vijana hao kama mfanyakazi mwenzao. Wanafunzi wawili, Michael Busch na John McGeachie, walibeba mzigo wa kuandika programu iliyoongoza mfumo mzima.

Mashine ziliwasili Februari 1964. Kufikia Mei 1, vijana walikuwa wamezifanya ziongee.

Mwaka uliofuata General Electric, iliyowauzia mashine hizo, ilianza kuwauzia wateja wake huduma iliyotokana na mfumo wa Dartmouth. Kampuni kubwa ilikuwa ikichuma kutokana na kazi ya wanafunzi.

Mnamo 1966 chuo kilifungua Kituo cha Tarakilishi cha Kiewit, Kurtz akiwa mkurugenzi. Kilifunguliwa kwa wote kama maktaba: mwanafunzi hakuhitaji kueleza sababu ya kutaka kutumia mashine wala kulipa. Robo tatu ya wanafunzi wa Dartmouth hawakuwa wa sayansi, na hao ndio hasa ambao Kemeny alitaka wafikiwe.

Hata hivyo, mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Wanawake walifanya kazi katika kituo hicho, ilhali chuo chenyewe hakikuwasajili kama wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Mkuu wa chuo

Kemeny ndiye aliyekuja kuondoa kasoro hiyo. Aliteuliwa Mkuu wa Chuo cha Dartmouth mnamo 1970, na miaka miwili baadaye wanawake wakaanza kusajiliwa. Aidha, alifufua azma ya awali ya chuo hicho ya kuwaelimisha Wamarekani wa asili, iliyokuwa imesahaulika kwa karne mbili. Kwa muda wote wa uongozi wake, hadi 1981, hakuacha kufundisha.

Machi 28, 1979 ajali ilitokea katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania. Rais Jimmy Carter alimteua Kemeny kuongoza tume ya uchunguzi ya watu 12. Ripoti yao, iliyotolewa Oktoba mwaka huo, iligundua kwamba vifaa havikuwa tatizo kuu. Tatizo kuu lilikuwa watu: wahudumu hawakuwa wamefunzwa ipasavyo, na ajali ilipoanza, zaidi ya ving'ora na taa 100 za tahadhari ziliwachanganya badala ya kuwasaidia.

Kwa mtu aliyetumia miaka mingi akiwalea vijana kuelewa mashine zao, matokeo hayo hayakuwa mageni.

BASIC nayo haikukosa wapinzani. Wapo wataalamu waliodai iliwafunza vijana mazoea mabaya ya kuandika programu. Lakini kwa kuwa Kemeny na Kurtz walikataa kuwatoza watu ada kwa kuitumia, ilienea kote, na kampuni ya Microsoft ilianza kwa kuuza toleo lake la lugha hiyo mnamo 1975.

Alipong'atuka uongozini, Kemeny hakutafuta cheo kingine. Alirudi katika idara ya hisabati na kuendelea kufundisha. Aliaga dunia kutokana na maradhi ya moyo Desemba 26, 1992, akiwa na umri wa miaka 66. Kurtz alimfuata Novemba 2024.

Mfumo walioubuni uliendelea kutumika Dartmouth hadi 1999, ukiwa umepita mikononi mwa wanafunzi wa zaidi ya miaka 30. Mashine za mwanzo zilikuwa zimetupwa zamani. Vyuo vinavyotumia mamilioni kununua tarakilishi na kisha kukosa wa kuzihudumia vina la kujifunza kutoka kwa profesa huyo aliyekesha na wanafunzi wake.