Karel Styblo, daktari aliyehesabu kila mgonjwa

Mtu akiingia katika kituo cha afya kinachotibu kifua kikuu, iwe hapa Kimemi mjini Butembo, iwe Beni au Oicha, ataona daftari kubwa lenye safu nyingi: jina, umri, anakoishi, siku ya kuanza dawa, matokeo ya makohozi, na mwishoni safu moja inayoonyesha mgonjwa huyo aliishia wapi. Kila miezi mitatu hesabu ya daftari hilo hupelekwa kwenye eneo la afya, kisha mkoani, kisha Kinshasa kwa mpango wa taifa, PNLT. Wauguzi wengine huiona kama mzigo wa karatasi tu. Lakini utaratibu huo ulikomaa kwa jirani zetu, Tanzania, na aliyeutengeneza pamoja na waganga wa huko ni Karel Styblo.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Chekoslovakia. Wakati wa vita vya pili vya dunia alipelekwa Mauthausen, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Austria, na humo akapata kifua kikuu. Alitoka hai mwaka 1945, akapona, akasomea udaktari. Ugonjwa uliokaribia kumuua ukawa kazi yake hadi uzeeni. Sisi tuliowahi kupokea wakimbizi katika makanisa na mashule yetu hatuhitaji kuelezwa sana: watu wakirundikana na njaa, kifua kikuu hakiko mbali.

Miaka ya 1960 alifanya kazi katika uchunguzi mkubwa wilayani Kolín, katika nchi yake, ambako wagonjwa wa wilaya nzima walitafutwa na kufuatiliwa kwa miaka. Baadaye akahamia Uholanzi, akafanya utafiti mjini The Hague na kuutumikia Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Styblo akawa mshauri wake.

Shida aliyoikuta haikuwa ukosefu wa dawa peke yake. Dawa za wakati ule zilimezwa mwaka mzima, na wengi waliziacha mara tu kikohozi kilipopungua. Tena hakuna aliyejua kwa hakika ni wangapi. Tufanye mfano. Wagonjwa 100 wanaanza dawa, 60 wanarudi mwishoni kupimwa, na 54 kati yao wamepona. Mganga anayehesabu waliorudi tu ataandika kwamba amefaulu kwa asilimia 90, na wakubwa wake watafurahi. Anayehesabu wote walioanza ataandika asilimia 54, na atalazimika kuuliza wale 40 wako wapi.

Styblo alishika hesabu ya pili, na hakuiachia. Wagonjwa wote walioandikwa katika miezi mitatu walikuwa kundi moja. Mwaka mmoja na zaidi ukipita, kila mmoja wao alipaswa kuwa na jibu: amepona na makohozi yamethibitisha, amemaliza dawa bila kupimwa, amekufa, dawa zimemshinda, ameacha, au amehamia kwingine. Majibu hayo sita yakijumlishwa lazima yalingane na idadi ya walioanza. Jina halifutwi. Mtu aliyekufa nyumbani bila kituo kujua bado yumo ndani ya hesabu, na mtu aliyepotea anaitwa aliyepotea. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ukubwa wa mtu huyu ulipo, kuliko katika dawa yoyote.

Kila wilaya ikapewa mratibu wake, aliyezunguka kwenye vituo na kulinganisha daftari la kituo na lile la wilaya na la maabara. Vioo vya makohozi vilitunzwa ili vipimwe tena na mtu mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa mpya, rifampisini, iliingizwa katika matibabu ya miezi minane. Ilikuwa ghali, na ikitumiwa ovyo vijidudu huizoea. Kwa hiyo katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa alimeza mbele ya mhudumu wa afya. Waliopona wakakaribia 80 kwa kila 100 walioanza.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa walioandikwa Tanzania walikuwa karibu 12,000 mwaka 1983. Mwaka 1990 walizidi 20,000. Kwa kuwa madaftari yalikuwa ya kuaminika, ilionekana wazi kwamba ongezeko ni la kweli. Lakini watoto wa shule walipopimwa nchi nzima, maambukizi mapya kati yao hayakuwa yameongezeka. Mpango ulikuwa umelemewa, ila haukuvunjika.

Wachumi wa Benki ya Dunia walipopiga hesabu, walikuta kwamba matibabu haya ni kati ya yale yanayookoa uhai mwingi kwa fedha kidogo. Mwaka 1991 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliweka lengo la kuponya asilimia 85 ya waliogunduliwa kwa makohozi, na miaka michache baadaye njia ya Tanzania ikaenezwa duniani kwa jina la DOTS.

Haikukosa kasoro. Ilitazama zaidi wale ambao makohozi yao yalionyesha vijidudu, na watoto, ambao mara nyingi hawatoi makohozi, wakabaki nyuma kwa miaka mingi. Dawa moja ya bei nafuu, thiasetazoni, iliwaletea wenye virusi vya UKIMWI madhara makali ya ngozi, hata vifo, ikabidi iachwe.

Styblo alifariki mwaka 1998. Safu ya mwisho ya daftari imebaki. Kwetu inayosumbua zaidi ni ile ya waliohama: familia inakimbia Oicha usiku, inafika Butembo, mgonjwa anaendelea na dawa katika kituo kingine, lakini huko alikotoka hakuna anayejua kama yu hai. Jibu lake litaandikwa tu ikiwa kituo kilichompokea kitatuma habari nyuma. Anayehama na dawa mkononi aombe barua ya uhamisho kama bado kuna nafasi. Asiyeipata, akifika aseme mara moja alianzia wapi na mwezi gani.