Almon Strowger: Muuza majeneza aliyeukomboa mlango wa biashara yake

Mfanyabiashara anaweza kuwa na bidhaa nzuri, bei nafuu na duka barabarani, lakini kama mteja akipiga simu anaunganishwa na mtu mwingine, vyote hivyo havimsaidii. Hayo ndiyo yaliyomkuta Almon Brown Strowger, Mmarekani aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi mwishoni mwa karne ya 19. Hakuwa mhandisi, wala hakuwa tajiri. Hata hivyo, karibu kila ofisi yenye swichibodi ya kujiendesha inatumia wazo lililoanzia kwenye hasira yake.

Strowger alizaliwa mwaka 1839 huko Penfield, karibu na mji wa Rochester, jimbo la New York. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka nchini Marekani mwaka 1861, alijiunga na kikosi cha wapanda farasi upande wa Kaskazini. Baada ya vita alifundisha shule, kisha akaingia kwenye biashara ya mazishi. Aliifanya Topeka, jimbo la Kansas, na baadaye Kansas City, jimbo la Missouri.

Wakati huo simu ilikuwa imeshaingia mijini, lakini haikuwa na namba za kubonyeza. Mwenye simu alimwita kwanza opereta aliyekaa mbele ya swichibodi, akamtajia mtu anayemtaka. Opereta alichomeka waya kwenye tundu la mtu huyo, na mazungumzo yakaanza. Kwa maana hiyo, wateja wote wa mji walipita mikononi mwa mtu mmoja au wawili.

Biashara ya mazishi haina mteja wa kurudi kesho. Familia iliyofiwa hupiga simu mara moja, na anayepokea ndiye anayepata kazi. Simulizi inayojulikana zaidi, ambayo imesimuliwa kwa sura mbalimbali, ni kwamba opereta mmoja wa mji huo alikuwa mke au ndugu wa mshindani wa Strowger. Watu wakiomba kuunganishwa na Strowger, au wakiomba tu mtu wa mazishi, simu ilikwenda kwa mshindani. Strowger akabaki na majeneza yake dukani, huku misiba ikizikwa na wengine.

Wengi wangeishia kulalamika, na yeye alilalamika sana. Lakini hakuishia hapo. Alijiuliza kwa nini mteja asijichagulie mwenyewe anayemtaka, bila mtu wa katikati. Inasemekana kielelezo chake cha kwanza alikitengeneza kwa kiboksi cha mviringo cha kuhifadhia kola za mashati, akakichomeka pini kwa safu. Katikati aliweka mkono unaopanda na kuzunguka hadi kuigusa pini inayotakiwa. Safu 10 zenye pini 10 kila moja zinatosha kufikia namba 100.

Mwaka 1889 aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, na alipewa Machi 1891. Mwaka huohuo, akishirikiana na mpwa wake Walter Strowger, pamoja na Joseph Harris na Moses Meyer, alianzisha kampuni ya simu za kujiendesha. Hapo alionyesha busara ya kibiashara: alitambua kwamba wazo bila mtaji na bila muuzaji hodari halifiki sokoni.

Novemba 3, 1892, mtambo wa kwanza wa kampuni hiyo ulifunguliwa kwa umma katika mji mdogo wa La Porte, jimbo la Indiana. Ulianza na wateja wapatao 75, na ulikuwa na uwezo wa kuhudumia 99. Matumizi yake yalihitaji uvumilivu. Simu ilikuwa na vitufe, na aliyetaka namba 23 alibonyeza kitufe cha makumi mara mbili, kisha cha mamoja mara tatu. Aliyekosea kuhesabu alimpata mtu asiyemtaka. Mwaka 1896 mafundi wa kampuni hiyo walibuni kisahani cha kuzungusha kwa kidole, ambacho kilitumika duniani kote kwa miongo mingi.

Lakini mgunduzi mwenyewe hakuvuna sana. Mwaka 1896 aliwauzia wenzake hataza zake kwa dola 1,800, na mwaka 1898 akauza hisa zake kwa dola 10,000. Afya yake ilikuwa imedhoofika, akahamia St. Petersburg, Florida, na huko alifariki Mei 26, 1902. Mwaka 1916 hataza zilezile ziliuzwa kwa kampuni ya Bell kwa dola milioni 2.5.

Mkulima anaelewa habari hii vizuri. Ni sawa na kuuza mahindi yakiwa bado mabichi shambani kwa sababu shida imebisha hodi. Anayenunua anabeba hatari ya mvua na wadudu, ni kweli, lakini bei ikipanda faida yote ni yake. Strowger angeweza kubakiza sehemu ndogo ya hisa, akauza nyingine kwa ajili ya matibabu na matumizi. Hakufanya hivyo, na thamani ilikua baada ya yeye kutoka.

Mafunzo kwa mwenye swichibodi

Mitambo ya Strowger ilienea Marekani, Uingereza na kwingineko, na huko Uingereza ya mwisho ilizimwa mwaka 1995. Siku hizi swichibodi ya ofisi ni kisanduku kidogo cha kielektroniki, au ni programu inayotumia intaneti. Kazi imebaki ileile: kumfikisha mteja kwa mtu anayemtaka. Duka la pembejeo, ghala la nafaka au chama cha ushirika chenye simu kadhaa kinaweza kunufaika ikiwa kitatumia huduma zilizomo, badala ya kutumia simu ya kupokea na kukata tu.

Kwanza, panga simu zilie kwa zamu. Simu ya kaunta isipopokelewa baada ya milio michache, iende yenyewe kwa mtu wa pili, kisha wa tatu. Pili, fundisha kila mfanyakazi kuhamisha simu. Kabla ya kumwachia mwenzake, amweleze mteja anataka nini, ili mkulima asirudie habari ya mbegu zake mara tatu. Tatu, baada ya saa za kazi elekeza simu kwenye simu ya mkononi ya zamu, au kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti, na ujumbe huo usikilizwe kila asubuhi. Nne, angalia orodha ya simu ambazo hazikupokelewa na uzipigie. Kila moja inaweza kuwa gunia lililokwenda kwa jirani.

Jambo la tano ndilo lililomuumiza Strowger: anayeshika swichibodi ndiye anayeshika wateja. Namba ya biashara isajiliwe kwa jina la biashara, si la mfanyakazi. Ukielekeza simu zote kwenye namba binafsi ya msaidizi wa duka, siku akiondoka kufungua duka lake, wateja wataondoka naye bila hata kujua. Nywila ya kubadili mipangilio ibaki kwa mwenye mali, na ibadilishwe kila fundi au mfanyakazi anapoondoka.

Aidha, usiizidishe mitambo. Sauti ya kumtaka mteja abonyeze moja, mbili hadi tisa humchosha mtu anayepiga kutoka shambani kwa salio dogo. Chaguo mbili au tatu zinatosha kwa biashara ndogo. Na mara moja kwa wiki, mwenye duka apige namba yake mwenyewe kutoka nje, asikilize inalia mara ngapi, nani anapokea na anajibu vipi.

Strowger alichelewa kujua kwamba simu zake zilikuwa zikienda kwa mwingine. Swichibodi ya leo inaandika kila simu iliyoingia, saa na namba yake. Aliyenayo na asiitazame, akipoteza wateja hana opereta wa kumlaumu.