Sauti ya Vice Vukov ilizimwa miaka 17

Leo, wasomaji wangu, nataka tumzungumzie mwana wa pwani ya mbali. Vice Vukov alizaliwa mwaka 1936 Šibenik, mji wa bandari huko Dalmatia, Kroatia, wakati nchi hiyo ikiwa sehemu ya Yugoslavia. Alisomea falsafa na Kiitaliano jijini Zagreb, lakini kilichompa jina ni koo lake.

Mwaka 1963 aliiwakilisha Yugoslavia katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision jijini London kwa wimbo Brodovi, yaani Meli. Akawa wa 11. Mwaka 1965 alirudi, safari hii Naples, akawa wa 12. Si matokeo ya kutangazia majirani, lakini nyumbani alipendwa mno.

Kupendwa huko ndiko kulikomponza. Mwaka 1971 Wakroatia wengi, wakiwemo wanafunzi, waandishi na hata vigogo wa chama cha Kikomunisti, walidai nchi yao ipewe usemi zaidi ndani ya shirikisho. Vukov alikuwa kipenzi cha watu hao. Desemba Rais Tito aliwang'oa viongozi wao, na kamatakamata ikaanza. Vukov akakimbilia Paris asitiwe ndani, akaishi uhamishoni hadi 1976.

Aliporudi hakuruhusiwa kupanda jukwaani. Hebu piga hesabu: alinyamazishwa 1972 akiwa na miaka 30 na ushei, umri ambao sauti ya mwanamume imekomaa, akafunguliwa mdomo 1989 akiwa na miaka 53. Kwangu mimi hilo linauma kuliko jela, maana mfungwa walau huhesabu siku zake. Na ukidhani watu walikuwa wamemsahau, umekosea. Tamasha zake katika ukumbi wa Lisinski, Zagreb, zilijaa pomoni.

Kroatia ilijitangazia uhuru 1991. Mtu aliyeteswa na Wakomunisti ungetarajia aangukie kwa wazalendo wenye siasa kali. Yeye hakufanya hivyo. Mwaka 2003 aliingia bungeni kupitia orodha ya SDP, chama kilichotokana na kile kile cha Kikomunisti kilichomfungia. Wapo waliokereka. Mimi hapo namvulia kofia, kwa kuwa hakuruhusu kisasi kimchagulie njia.

Bungeni hakukaa sana. Novemba 2005 alianguka kwenye ngazi za jengo hilo, akaumia vibaya kichwani na kupoteza fahamu. Hakupona. Alifariki Zagreb Septemba 2008, akiwa na miaka 72.