Byron Kawadwa, mtunzi aliyenyamazishwa mwaka 1977

Sokoni Ariwara au pale mpakani Oraba ukimtaja Idi Amin, kila mtu ana neno. Mtaje Byron Kawadwa, utaulizwa huyo anauza nini. Mimi nilianza shule Zaire, baada ya wazazi wetu kukimbia vita vya 1979, na jina hilo nililikuta niliporudi Arua na kushika chaki.

Kawadwa, Mganda aliyezaliwa mwaka 1940, alitunga kwa Luganda wakati wasomi wengi walihesabu michezo ya Kiingereza tu. Alianzisha kundi la Kampala City Players, na mwaka 1973 akawa mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala. Michezo yake ilijaa ngoma na nyimbo. Hata asiyejua kusoma aliingia akacheka, akatoka na jambo la kufikiri.

Mchezo uliompa sifa, Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa Wankoko, ulihusu kugombea ufalme. Muziki wake ni wa Wassanyi Serukenya. Wengi waliona humo habari za 1966, Obote alipompindua Kabaka. Lakini Amin alipokalia kiti, maneno yaleyale yalimkaa vizuri naye. Mchezo mzuri una taabu hiyo, haujui kubagua watawala.

Mapema mwaka 1977 kundi lake liliuonyesha Lagos, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Waliporudi, Kawadwa alikamatwa na watu wa State Research, jina la kistaarabu la idara ya upelelezi, akauawa. Mwaka huohuo, mwezi Februari, aliuawa pia Askofu Mkuu Janani Luwum.

Wazee wengine wa Koboko huniambia nisiwafundishe watoto habari hizi, eti tunajipaka matope wenyewe, maana Amin alikuwa mtu wetu. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, naye alitekwa, maiti yake ikaokotwa katika mto Nile mwaka 1974. Huyo hakuwa mtu wetu? Watoto hawa hawakuua mtu, na Kawadwa ni mtunzi wao pia. Darasa langu sasa linatunga mchezo, nusu Kilugbara nusu Kikakwa, juu ya jogoo anayetaka kutawala boma zima. Wanabishana bado nani awe jogoo.