Fumo Liyongo na hila za vita

Pale Muyeye, baada ya sala ya Alasiri, wazee wachezao bao hawana ubishi mkubwa kuliko ule wa nyumba. Maadamu ina kete sita au zaidi, nyumba ina hadhi yake. Ikishachezwa, ni shimo kama mashimo mengine. Niusikiapo ubishi huo humkumbuka Fumo Liyongo.

Habari zake, kama zilivyotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, zasema hapakuwa na wa kumweza akiwa amesimama, upinde mkononi. Mfalme wa Pate alilijua hilo, akataka apatikane katika hali nyingine. Wasanye na Wadahalo wakaahidiwa reale mia. Wakafanya naye kikoa cha makoma, kila siku mmoja apande na kuwaangulia wenziwe. Zamu yake ikifika, wampige mishale angali juu, mikono imeshika mti. Liyongo akasimama chini, akayaangua makoma kwa mishale. Nani atamlaumu? Kikoa kilitaka makoma. Kupanda yalikuwa mazoea tu.

Akatiwa gerezani, amefungwa minyororo. Chakula kizuri alicholetewa na kijakazi Saada kililiwa na walinzi. Basi akamwagiza mamake mkate wa wishwa, ndani yake tupa. Walinzi wakaucheka ule mkate wakaupitisha. Usiku likapigwa gungu, matuazi yakavuma, naye chini ya kelele hizo akakata chuma mpaka akawa huru.

Mwisho mfalme akamwendea mwanawe Liyongo mwenyewe, akimwahidi uwaziri na binti wa kuoa. Kijana akamwuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo alitambua kwamba mtoto ametumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Wazee hugombana sana hapa. Mimi sijapata kuuelewa moyo wa baba yule.

Akachomwa usingizini. Akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti akiuvuta mshale, na roho ikatoka akiwa vivyo hivyo. Mji mzima ukakosa maji. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mamake akaletwa ambembeleze, siku baada ya siku, mpaka maiti ikaanguka.

Kaburi lake huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini. Yule kijana hakupata binti wala uwaziri.