Bibi Titi siyo barabara tu, wadau!

Siku hizi mashuleni kuna programu za kuwatia moyo wanafunzi wa kike. Anakuja daktari, anakuja mhandisi, anaongea nusu saa, watoto wanapiga makofi. Sipingi kabisa. Ila kuna mtu mmoja simsikii akitajwa. Muulize kijana hapa Chuno Bibi Titi ni nani, atakwambia ni barabara ya Dar, pale Mnazi Mmoja. Basi leo nataka kumweleza mwenyewe.

Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka asome, mama ndiye aliyempeleka shule. Akasoma shule ya msingi, na alipovunja ungo akawekwa ndani. Sisi huku tunaojua maana ya mwali hatuhitaji kuelezwa sana. Akiwa na miaka 14 akaozeshwa kwa mwanaume aliyemzidi sana umri. Ndoa ile ikavunjika na binti mmoja kabakia mikononi mwake.

Sasa jamani, hapo ndipo wengi wetu tunamfutaga msichana. Tunasema huyo keshaharibikiwa. Kumbe bado kabisa!

Titi alikuwa na sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, watu walimjua mitaani. TANU ilipoanzishwa Julai 1954 alijiunga mapema, kadi yake namba 16, ya mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, namba 15. Mwaka 1955 akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Wakubwa wakababaika, akatafutwa Titi. Akapewa kitengo cha wanawake na hakuwahi kuongoza chama hata siku moja.

Alichofanya ni akili tupu. Hakuanza na wasomi, alienda kwenye vikundi vya ngoma, kwa kina mama wauza vitumbua na wapika pombe, watu ambao tayari walikuwa wamejipanga na wanaaminiana. Ndani ya miezi michache wanawake zaidi ya 5,000 wakawa na kadi. Halafu akazunguka nchi na Nyerere, anahutubia wanaume na wanawake kwa Kiswahili kile kile cha mtaani. Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, mbunge wa Rufiji (ukipanda basi la Dar unapita jimboni kwake) na naibu waziri.

Baadaye mambo yakamgeukia. Mwaka 1965 akashindwa ubunge. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likakataza viongozi kupangisha nyumba, yeye alikuwa nazo, akaachia vyeo. Mwaka 1969 akakamatwa kwa uhaini pamoja na wenzake, na 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa ndani mume akampa talaka. Nyerere alimsamehe 1972, akatoka, lakini kwa miaka mingi jina lake halikusemwa kwa sauti. Mwaka 1991, kwenye miaka 30 ya uhuru, ndipo akakumbukwa tena kama shujaa. Alifariki Johannesburg Novemba 2000.

Nadhani ndiyo maana programu zinamruka. Hana digrii, alitalikiwa, alifungwa, utamsimamishaje mbele ya fomu tu? Mimi naona huyo huyo ndiye anayefaa, kwa sababu daktari anaongea na yule wa kwanza darasani, Titi anaongea na yule wa nyuma kabisa ambaye nyumbani wameshaanza kupokea posa. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba kuoza binti wa miaka 14 au 15 ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Na tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyejifungua arudi shule. Titi hakupata hata moja kati ya hayo!

Halafu wadau, wenye bibi zenu Mikindani, Naliendele au hapa hapa Chuno, waulizeni nani alikuwa anagawa kadi za TANU mtaani kwao. Majina ya wanawake wa huku hayajaandikwa, na wanaoyakumbuka wamebaki wachache.